Asubuhi Ile Nilipokuwa Mjane

Mume wangu alikuwa amesema atakuja Jumapili. Sikumuuliza atapanda ndege ya saa ngapi, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akija na ile ya asubuhi inayopitia Mwanza. Yeye alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha vinywaji Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari hapa Bukoba, nikiishi Bilele katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Hatukujaliwa mtoto. Ndoa yetu ilikuwa ya kupokeana na kusindikizana, na tulishaizoea hivyo. Alipokuja, nyumba ilichangamka, redio ikafunguliwa, majirani wakapita kusalimia. Alipoondoka nilifua mashuka na kurudi kusahihisha madaftari.

Ulikuwa msimu wa senene, panzi wa kuliwa wanaopendwa kwetu. Nilikuwa nimezikaanga tangu jana yake na kuzihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, maana alizipenda zikiwa kavu kabisa. Mvua ilianza alfajiri, mvua nzito isiyo na haraka, na wingu lilikuwa limeshuka mpaka ukashindwa kuona ziwa linaishia wapi. Nilichukua mwavuli nikatembea kwenda uwanja wa ndege. Uwanja wetu uko kando ya ziwa, na kutoka kwetu si mbali.

Pale nje kulikuwa na watu wachache waliokuja kupokea wageni. Nilisimama chini ya upenu pamoja na mama mmoja aliyevaa kitenge cha kwaya na viatu vyeupe vilivyokwisha kupata tope. Nilimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndege huwa inatokea upande gani?"

Nikamwonyesha. Akaniambia ametoka Ngenge, kule Muleba, na usiku amelala kwa ndugu zake Kagondo ili asichelewe. Alikuwa hajawahi kufika uwanja wa ndege maishani. Binti yake wa mwisho alikuwa amepata kazi Dar es Salaam, na siku zote alikuja likizo kwa basi. "Safari hii akanipigia, akasema mama, nakuja na ndege, njoo unipokee, uione inavyotua." Alicheka, akafunika mdomo kwa upande wa kitenge. "Nikasema haya, waitu mwanangu, nitakuja nione."

Tulisikia muungurumo. Haukuonekana ulikotoka, ulikuwa juu ya wingu tu, ukasogea, ukaenda mbali, ukarudi. Bwana mmoja aliyekuwa karibu yetu akasema rubani anazunguka, anasubiri hali iwe nzuri. Yule mama akanyanyua uso, mvua ikamnyeshea machoni, hakujali. Baadaye muungurumo ule ukapotea. Hatukusikia kishindo. Watu wengi waliniuliza baadaye kama tulisikia kishindo, na mimi huwajibu kwamba mvua ilikuwa inapiga mabati, hatukusikia kitu. Tuliona tu watu wanaanza kukimbia kuelekea ufukweni, na mtu mmoja akapiga ukelele kwamba ndege imeingia ziwani.

Sikumbuki kufika ufukweni. Nakumbuka nimesimama kwenye mchanga bila mwavuli, na mkono wa yule mama umo ndani ya mkono wangu, sijui nani alimshika mwenzake. Mkia wa ndege ulikuwa juu ya maji. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imeizunguka, watu wanapiga kelele, kamba inavutwa. Wapo waliotolewa wakiwa hai, tuliwaona wakibebwa. Kila mtu aliyetolewa, sisi wawili tulimkazia macho mpaka tuone uso wake, halafu tukarudisha macho majini.

Nilikuwa nampigia mume wangu. Kila mara sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu iliniambia kwa adabu kwamba mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Nikaanza kufikiria mambo ya ajabu, kwamba ni lazima nimjulishe kaka yake, kwamba sanda tutaipata wapi siku ya Jumapili, kwamba zile senene zitaliwa na nani. Wala sikulia. Nilikuwa tayari nimeshakuwa mjane, na nilikuwa najipanga.

Simu ilipoita ilikuwa mchana umeshakaribia. Ilikuwa namba yake.

"Mwalimu," alisema. Ndivyo anavyoniita. "Mbona umenipigia hivyo? Nilikuwa zamu, simu niliifungia kabatini. Nilibadilisha safari, nakuja kesho. Hukupata ujumbe wangu?"

Nikapiga yowe. Nilisema yuko hai, yuko hai, nadhani nilisema kwa Kihaya na kwa Kiswahili pia, na watu wakageuka. Yeye kwenye simu alikuwa anauliza nani yuko hai, kuna nini huko. Nami nilikuwa nacheka na kulia pamoja.

Yule mama aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu. Aliutoa taratibu, akaufuta kwenye kitenge. Akasema, "Mshukuru Mungu, mwanangu." Kisha akasogea pembeni, akasimama peke yake, akaendelea kutazama maji.

Binti yake hakutoka hai.

Mume wangu hakuja kesho yake, nilimkataza. Alisema ninachosema hakina maana, kwamba yeye hakuwemo, na sasa hana sababu ya kuogopa. Hapo ndipo nilipoanza kuwa peke yangu kwa namna ambayo sikuwa nimeijua. Kwake yeye, Jumapili ile ilikuwa siku ya kazi. Alitoka zamu, akawasha simu, akasikia habari mbaya ya watu wengine. Kwangu mimi alikuwa amekufa na kufufuka, na hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kufa kwake. Nilijaribu kumweleza. Alisikiliza kwa upole, akasema, "Lakini mimi nipo, Mwalimu. Si unanisikia?"

Akaniahidi kwamba hatapanda ndege mpaka moyo wangu utulie. Akaitimiza ahadi hiyo. Alianza kuja kwa basi, safari inayokula mchana, usiku na sehemu ya siku ya pili, akashuka stendi miguu imevimba, kamba za viatu amezilegeza. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili alikula, tukaongea kidogo. Siku ya tatu alianza kufikiria tiketi ya kurudi.

"Likizo yangu yote inaishia barabarani," alisema mara moja, akijikanda magoti. Hakusema kwa hasira. "Na unajua barabara inaua watu kila siku. Ndege inakaguliwa kabla haijaruka, rubani anapimwa afya, hali ya hewa inatazamwa. Basi nani anamkagua dereva kama kalala?"

"Najua," nilimjibu.

"Sasa kama unajua?"

Nilijua kweli. Nilikuwa nasoma habari za usalama wa anga kwenye simu yangu mpaka macho yanauma. Nilijua milango ya dharura inakaa wapi kwenye ndege ndogo za pangaboi, nilijua kwa nini hutakiwi kujaza upepo boya lako ukiwa bado ndani, nilijua kwamba abiria wengi duniani wanaruka na kutua bila hata kumwaga chai. Ujuzi huo wote ulikaa kichwani, wala haukushuka kifuani. Darasani, nilipofika mada ya hali ya hewa, mawingu na upepo wa ziwa, mada niliyokuwa naifundisha kwa kuwatoa wanafunzi nje waangalie wenyewe, niliandika maelezo ubaoni nikiwa nimewapa mgongo, kengele ikalia, nikatoka.

Mji ulirudi katika hali yake. Ndege ziliendelea kutua na kuruka, na kwa kuwa nyumba yetu iko karibu, nilizisikia zote. Walimu wenzangu walisafiri kwenda kwenye semina na kurudi na mikate ya mjini. Mmoja aliniambia ajali ni ajali tu, tusimkufuru Mungu. Jirani yangu alisema afadhali wewe wako hakuwemo. Hilo nililisikia mara nyingi, na ni kweli, na ndilo lililonifunga mdomo. Ningelia vipi wakati wangu hakuwemo?

Mume wangu akaanza kuja mara chache zaidi. Mara mtambo umeharibika, mara zamu imebadilishwa, mara mgongo hauruhusu kukaa kwenye kiti cha basi. Sikumlaumu. Mwishoni ilikuwa simu tu. Tulizungumza kila siku, halafu kila baada ya siku mbili, halafu tulianza kuulizana maswali ambayo majibu yake tulikuwa tunayajua. Umekula? Nimekula. Mvua huko? Ipo.

Likizo moja ya shule, mwaka na zaidi ukiwa umepita, niliamka nikajikuta nimekaa kitandani nautazama mkono wangu wa kulia, ule uliokuwa umemshika yule mama ufukweni. Nikaamua kwenda Ngenge. Mwalimu mwenzangu mwenye asili ya Muleba aliifahamu ile familia iliyofiwa, akanieleza njia. Nilipanda gari mpaka Muleba mjini, nikachukua pikipiki. Kule kuna joto kuliko kwetu, vumbi ni jekundu, mpunga uko bondeni na mahindi kandokando ya njia. Dereva wa pikipiki alijua ni nyumba gani kabla sijamaliza kueleza.

Yule mama alikuwa anapepeta maharage uani. Alinitazama kidogo, akaweka ungo chini.

"Ni wewe wa uwanjani," alisema.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Karibu ndani, jua kali."

Aliniletea akamwani, zile buni za kutafuna, kwenye kisahani, kama anavyopewa mgeni wa heshima, na maji ya kunywa. Ukutani palikuwa na picha ya msichana aliyevaa joho la kuhitimu, chini ya picha ya Bikira Maria. Nilitoa pole iliyochelewa. Aliipokea. Alikuwa mtu pekee ambaye sikuhitaji kumsimulia kitu.

"Watu walikuwa wanajaa hapa," alisema baadaye. "Sasa wanapita njia ya kule chini. Wanaogopa kunikumbusha. Kwani mimi nimesahau?"

Kisha akaniuliza, "Wewe umewahi kuipanda ndege?"

"Nimepanda, mama. Zamani kidogo. Tulipooana alinipeleka Dar es Salaam kwa ndege."

"Ndani kukoje?"

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akarudia. Alisema amewauliza watu wengi, nao humwambia aache kufikiria mambo hayo, padre pia alimwambia amwombee tu marehemu. Yeye alitaka kujua mwanawe alikaa mahali pa namna gani.

Basi nikamsimulia. Nilimwambia viti viko viwiliviwili, na katikati kuna njia nyembamba. Nilimwambia kuna mkanda wa kiunoni, na dirisha dogo la mviringo, na ukikaa dirishani unaona nyumba zinakuwa ndogo kama punje, halafu unaingia katika ukungu mweupe, halafu ghafla unatokea juu kwenye jua, na mawingu yako chini yako. Nikamwambia wahudumu hupita na vinywaji na kitu kidogo cha kutafuna.

"Wanagawa chakula?"

"Kidogo. Korosho, au keki, na soda au juisi."

"Kwa hiyo alikuwa amekula kitu," alisema. Akatikisa kichwa polepole. "Na juu kuna jua hata kama huku chini inanyesha?"

"Ndiyo, mama. Juu kuna jua."

Sikujua kama nilifanya vema au vibaya. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akaniuliza habari za mume wangu, kama alifika ile kesho yake.

"Hakuja. Nilimkataza kupanda ndege. Mpaka leo hapandi."

"Anakuja na basi?"

"Alikuwa anakuja. Sasa haji."

Alinigeukia, akanitazama kama mtu aliyeambiwa bei asiyoitegemea. "Mimi nilifikiri siku ile wewe ulienda nyumbani na mtu wako," alisema. "Kumbe wote wawili tulirudi peke yetu."

Alinifungia maharage kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki.

Wiki iliyofuata nilikata tiketi ya ndege ya kwenda Dar es Salaam. Nilimpigia mume wangu. Nikamsomea tarehe iliyo kwenye tiketi.

"Una uhakika?" aliuliza.

"Sina. Lakini nakuja."

Siku ya safari wingu lilikuwa zito, na tuliambiwa tusubiri mpaka hali ya hewa itengemae. Abiria walinung'unika, mmoja ana mkutano, mwingine ana ndege nyingine ya kuunganisha. Mimi nilifurahi. Kila walipotangaza kwamba tunaendelea kusubiri, niliona kwamba kuna mtu mahali fulani anayelitazama wingu lilelile ninalolitazama mimi na kulichukulia kwa uzito. Hakuna maelezo niliyoyasoma kwenye simu yaliyonituliza kama kucheleweshwa kule.

Tulipoingia niliingiza mkono chini ya kiti kutafuta boya. Nilipoligusa nikalishikilia. Mhudumu, dada mmoja mwenye sauti ya chini, alinikuta nimeinama hivyo.

"Umedondosha kitu, mama?"

"Hapana. Nataka tu kujua kama lipo."

Hakucheka. Alichuchumaa kwenye njia, akanionyesha mlango wa dharura ulio karibu yangu, akanifundisha jinsi ya kuhesabu viti kwa kugusa migongo yake ili niufikie hata kama sioni. Akaniambia, "Na mimi huwa nahesabu, kila safari." Alipokuja kutoa maelekezo mbele, watu wengine wakiangalia simu zao, alikuwa ananitazama mimi, nami nikafuata kila alichofanya.

Ndege ilipoacha ardhi nilifumba macho. Nilisema shahada. Magurudumu yakagonga yakijikunja, kitu fulani kikalia mlio mwembamba, na ziwa, nilijua bila kutazama, lilikuwa chini yetu. Nilifumbua macho pale mwanga ulipobadilika juu ya kope zangu. Tulikuwa juu ya mawingu. Kulikuwa na jua. Nililia kidogo nikiwa nimegeukia dirishani. Bwana aliyekaa karibu nami akajifanya anasoma.

Mume wangu alinipokea uwanjani akiwa amevaa shati nisilolijua. Alikuwa amenenepa, na ndevu zimeingia mvi. Tulishikana mikono kama watu waliofanya kazi ofisi moja zamani, kisha tukacheka, kisha akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo si desturi yake. Nyumbani kwake, vyumba viwili vya kupanga, alikuwa amefagia na kupika wali. Wali ulikuwa mzuri. Siku zile alipokuwa akija Bukoba alikuwa hajui kupika hata chai. Alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, na kiti cha pili kilikuwa kimewekewa nguo zilizopigwa pasi, akazitoa haraka ili nikae.

Siku zile alinitendea wema mwingi. Tulikwenda sokoni, tulikwenda kuwasalimia ndugu. Lakini aliamka kwa saa yake na kunywa chai kwa kikombe chake, na alipotazama taarifa ya habari alisahau kwamba kuna mtu wa kumwambia neno. Mimi nilikuwa vivyo hivyo. Nilishika kitabu, nikasoma, nikashtuka kuona yupo.

Jioni moja tulikuwa tumekaa barazani, nikamuuliza kama atarudi kuishi Bukoba siku moja, akistaafu.

"Sijui, Mwalimu," alisema. "Sikudanganyi. Nilipokuwa nakuja kila mara, nilikuwa naona hapa ni pa kulala tu na nyumbani ni kule. Sasa nikifikiria ile nyumba, najiona mgeni. Sijui hata nitakaa upande gani."

"Na mimi hapa sijui nikae wapi," nikasema.

Alinishika bega. "Uliogopa nife. Sikukulaumu hata siku moja."

"Ungenilaumu ningejua la kusema."

Alicheka kwa pumzi. Tukabaki pale mpaka mbu walipoanza.

Hatujaachana. Watu wa Bilele hupenda kuuliza kwa kuzunguka, na mimi huwajibu moja kwa moja kwamba hatujaachana. Yeye huja sikukuu ya Idi, kwa ndege, na mimi humfuata likizo za shule. Kabla ya safari silali vizuri, na bado naingiza mkono chini ya kiti. Nimerudi kuwatoa wanafunzi nje watazame mawingu. Yule mama wa Ngenge hunipigia simu siku mojamoja, tunasalimiana, ananiuliza kama nimesafiri tena, naye huniambia habari za maharage na mvua. Siku zilizobaki, ambazo ni nyingi, ninapika ndizi kwenye sufuria ndogo, nakula nimesimama dirishani, nafunga milango mapema.

Wiki iliyopita mume wangu alinipigia mchana, wakati wa mapumziko yake ya kazi. Huku kulikuwa kunanyesha sana. Akaniuliza kelele hizo ni za nini, nikamwambia ni bati. Akasema alikuwa amesahau jinsi mvua inavyoliliza bati la nyumba ile. Tulinyamaza tukaisikiliza wote wawili, mimi huku na yeye kule, mpaka mtu akamwita kwa nyuma, akaniaga, akarudi kwenye mtambo wake.